Mstari Usio na Mwenyewe

Fulgensi Vitus hakunywa chai ya mtu mpaka mwenye chai anywe kwanza. Ifakara walimjua hivyo, na mafundi wenzake wa kompyuta pale karibu na soko walimtania kwamba siku akialikwa harusini atamwomba bwana harusi aonje pilau. Hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akakisogeza kikombe pembeni, akasubiri mwenzake ameze.

Tabia hiyo aliirithi. Mama yake, Balbina, alizaliwa Masagati, huko mbele ya Mlimba, na kwa alivyolelewa yeye, ukikuta jirani amekupalilia shamba bila kualikwa husemi asante. Unajiuliza kafuata nini. Mwenye kukulimia bila kuitwa amekuja kuuvuta mpunga wako uende ghalani kwake, na wewe utavuna makapi. Balbina alimlea mwanawe kwa mafundisho hayo, akamkuza mpaka akawa fundi mzuri wa kutengeneza programu na mtu mgumu wa kukaa naye. Funguo za chumba chake cha kazi alizifunga kiunoni kwa kamba, kama muuza madini.

Sasa sikia kituko. Mtu huyu aliyeiogopa chai ya jirani, kazi yake yote aliifanya kwa vitu vya bure alivyopewa na watu asiowajua hata sura. Ndiyo mambo ya chanzo huria. Mtu yuko huko aliko, Mungu ndiye ajuaye ni wapi, anaandika kipande cha programu, anakiweka mtandaoni wazi, kisha anasema chukueni, someni, rekebisheni, tumieni mtakavyo. Fulgensi alichukua. Mfumo wa laptopu yake ulikuwa wa bure, vifaa vya kuandikia programu vilikuwa vya bure, na hata masomo yenyewe aliyapata bure, bando likiwepo. Mama yake aliwahi kumuuliza hao watu wanaogawa hivyo wanakula nini. Alimjibu kwamba huko ni kwingine, kila kitu kiko wazi na mtu yeyote anaweza kukisoma, kwa hiyo mwizi hana pa kujificha. Mama hakuridhika, lakini alikuwa na maharage jikoni.

Bonde la Kilombero lina mpunga na lina ng'ombe, na viwili hivyo havijawahi kupendana. Wafugaji wa Kisukuma walihamia na mifugo yao, wakakuta wenyeji wanalima mpaka ukingoni mwa mto, na kila kiangazi ng'ombe wanapoteremka kutafuta maji wanapita penye mashamba. Mwaka jana, upande wa Malinyi, kundi liliingia katika mpunga uliokuwa bado haujakatwa. Wakulima walitoka na mapanga, wafugaji wakatoka na fimbo na mapanga yao, na jua lilipozama Joachim alikuwa amepoteza mkono wa kulia. Joachim alikuwa rafiki wa Fulgensi tangu shule ya msingi, na alikuwa mtoto wa dada yake Sylvanus, mwenyekiti wa wakulima wa kijiji chao. Alikuwa mpole, hata panga lenyewe siku ile hakulishika. Alikwenda kuwaamua waliokuwa wakipigana.

Fulgensi alimwona hospitalini, akarudi Ifakara, akajifungia. Alipotoka alikuwa na programu aliyoiita Mapito. Mfugaji anayetaka kuteremsha ng'ombe anabonyeza simu, na wakulima wa njia hiyo wanapata ujumbe. Mkulima ambaye hajavuna naye anabonyeza, na mfugaji anaona kwenye ramani mahali pa kuepuka. Hakuna aliyemtuma kuitengeneza. Aliogopa tu kwamba msimu ujao atakwenda kumwona mtu mwingine, na safari hii atamkuta kaburini.

Basi kama unadhani alishukuriwa, hulijui bonde. Wakulima walisema Wasukuma wamemnunua. Wafugaji walisema ametumwa na wakubwa wanaotaka kujua ng'ombe wako wapi ili waje wawafukuze. Kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, maana katika ile programu aliweka nafasi ya kujaza idadi ya ng'ombe. Yeye aliona ni jambo la maana, kundi kubwa linahitaji njia pana. Lakini kumuuliza mfugaji wa Kisukuma ana ng'ombe wangapi, tena hamjuani, tena mbele za watu, ni kama kumwambia avue shati umkague. Ng'ombe wake wengine wako kwa watu, na wa watu wako kwake, na hesabu yenyewe anaijua peke yake. Wafugaji waliiona ile nafasi, wakarudisha simu mfukoni, wakaondoka bila kuaga. Kesho yake Fulgensi aliifuta. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu maneno yalikuwa yameshafika Chita, ng'ambo ya bonde.

Mwisho alikwenda mwenyewe kwa mzee Seni, ambaye wafugaji wa upande ule hawafanyi jambo bila kumsikiliza. Alimkuta zizini, akampa shikamoo. Mzee aliitikia marahaba, akamkaribisha kigoda, akamletea maziwa. Fulgensi aliyatazama yale maziwa. Mzee Seni naye alimtazama anavyoyatazama, kisha akachukua kibuyu akanywa kwanza. Fulgensi akanywa, aibu imemshika.

Akaeleza programu yake yote, mwanzo mpaka mwisho. Akasema lile swali la idadi lilikuwa ujinga na limekwisha ondolewa. Kisha akatoa neno alilolitegemea kuliko yote.

"Mzee, programu yangu iko wazi. Iko mtandaoni, sijaificha. Mtu yeyote anaweza kuisoma."

"Mimi siwezi," akasema mzee Seni.

Mzee akamwambia kwamba jambo kuwa wazi kwa asiyeweza kulisoma ni sawa na kufungwa. Watu wawili wakipatana, akasema, kila mmoja huja na shahidi wake, na Fulgensi tayari anaye, yaani yeye mwenyewe. Wa upande wa wafugaji ataletwa. Alikuwa na mjukuu, Yunis, anayesomea mambo ya kompyuta Dodoma, na wakati ule alikuwa nyumbani likizo. Huyo ndiye atakayesoma. Akimaliza, wataitana wote, na atawasomea watu kwa Kiswahili.

Yunis alikuja Ifakara na begi la mgongoni na maneno machache. Alikaa kwenye benchi la chumba cha Fulgensi, akafungua laptopu yake, akaanza kusoma. Baada ya siku chache akaanza kutuma marekebisho, kama ilivyo desturi ya programu za wazi, kila moja na maelezo yake mafupi. Hapa mtu akizima simu ujumbe unapotea, nimerekebisha. Hapa mashamba mawili yakipakana programu inalisahau moja, nimerekebisha. Yote yalikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtisha Fulgensi. Hakuletwa aje kurekebisha, aliletwa aje kusoma. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alijiambia, na huyu kamba yake iko wapi?

Akamchunga. Alibadili nywila zake, akaziba kamera ya laptopu kwa plasta, akaacha kwenda kula mchana ili asimwache peke yake chumbani. Kila alichoandika yule binti alikisoma mara tatu, herufi kwa herufi, akitafuta pale alipofukia kitu. Hakuona kitu. Mtu mwingine angetulia, lakini yeye kutoona kitu kulimzidishia hofu, akamwambia mama yake kwamba mchawi hodari haachi alama. Balbina alikubaliana naye kabisa. Yunis alisoma, akapiga miayo, akasema asante kwa maji ya kunywa ambayo, kwa taarifa yako, Fulgensi alimpa kwenye chupa isiyofunguliwa ili asije akasingiziwa.

Mkutano ulifanyika asubuhi ya Jumamosi, katika darasa la shule ya kijiji, njia ya kwenda Malinyi. Wakulima walikaa upande wa dirishani na Sylvanus mbele yao. Wafugaji walikaa upande wa mlangoni, fimbo zao wameziegemeza ukutani. Joachim alikaa dawati la kwanza, mkono wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa amesema wazi kabla ya mkutano kwamba pande mbili zikikubaliana yeye atasahau, na zisipokubaliana hawezi kuwazuia ndugu zake. Msimu wa mavuno ulikuwa unakuja. Kila mtu mle ndani alijua neno "kuzuia" lina maana gani.

Jenereta ikawashwa nje, projekta ikamulika ukutani, na Yunis akaanza kusoma. Wakulima walicheka mwanzoni, maana nani amewahi kusomewa programu kama anasomewa somo la misa? Lakini yule binti alikuwa na sauti tulivu na hakuruka kitu. Hapa mfugaji anabonyeza, alisema. Hapa programu inachukua mahali alipo. Hapa inawapelekea wakulima wa njia hiyo tu, si wengine. Hapa, ng'ombe wakishapita, inafuta kila kitu. Watu wakaanza kuinama mbele. Mkulima mmoja aliuliza kama mfugaji anaweza kudanganya amepita kumbe hajapita, na mfugaji mmoja akauliza kama mkulima anaweza kudanganya hajavuna kumbe ghala limejaa, na wote wawili wakajibiwa kwamba ndiyo, uongo wa watu programu haiwezi kuuzuia. Hapo kicheko kilitoka pande zote. Fulgensi aliyekuwa amesimama pembeni alianza kujisikia mkubwa.

Yunis akafika kwenye kipande kinachoitwa kifurushi cha ramani. Hicho Fulgensi hakukiandika, na kule Ifakara Yunis alikuwa amesoma yale tu aliyoyaandika Fulgensi. Alikichukua mtandaoni, cha bure kama vingine, ndicho kinachochora mto na njia na mashamba. Yunis akaendelea kusoma, kisha akanyamaza. Akarudi juu, akasoma tena kwa midomo tu.

"Kaka Fulgensi," akasema, "hapa mahali alipo mfugaji panapelekwa na kwenye anwani nyingine. Si ya kwetu. Inaenda wapi?"

Minong'ono ya Kisukuma ilianza nyuma, ikapanda. Mzee Seni hakusogea, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amekubali simu yake ijaribiwe, akiwa malishoni na ng'ombe wake wote, na mahali hapo palikuwa pameshapelekwa huko. Sylvanus aligeuka akamtazama Fulgensi. Joachim naye akamtazama.

Niseme ukweli wa kilichomwingia Fulgensi wakati ule. Kwanza ilikuwa hofu. Halafu, na hili ni baya zaidi, ilikuwa furaha. Siku zote zile alizomchunga yule binti bila kuona kitu, sasa kamba imeonekana. Alijua! Alimnyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Umeiweka wewe. Tangu umekuja nilijua umekuja na jambo. Mmeiweka ninyi wenyewe ili mje mseme wakulima wamewasaliti."

Wakulima waliitikia kwa kelele, maana walikuwa wakisubiri mtu wa kuwasemea. Madawati yalisukumwa. Fimbo zilizokuwa zimeegemezwa ukutani zikaondoka moja moja, na vijana wa upande wa dirishani wakaanza kutoka nje, na kila mtu alijua wamefuata nini kwenye baiskeli zao. Joachim alisimama katikati, pale pale katikati, kama alivyofanya siku ile nyingine.

Yunis hakupaza sauti. Alisubiri mpaka mzee Seni alipogonga sakafu kwa fimbo yake na watu wakatulia kidogo, ndipo akasema kwamba programu za namna hii zina kumbukumbu. Kila kitu kinachoingizwa, kumbukumbu inashika aliyekiingiza na siku aliyokiingiza, na hakuna anayeweza kubadili kimya kimya. Tuiulize, akasema. Akabonyeza, maandishi yakatokea ukutani, naye akaondoka mbele ya laptopu akasimama pembeni, asionekane kuwa anagusa kitu.

Joachim ndiye aliyekuwa karibu na ukuta.

"Kuongeza kifurushi cha ramani," akasoma. "Fulgensi Vitus." Akasoma na tarehe. Ilikuwa kabla Yunis hajafika Ifakara, kabla hata Fulgensi hajalijua jina lake.

Fulgensi aliikumbuka siku hiyo. Alikitafuta kifurushi, akakipata, akaona kwamba maelfu ya watu duniani wanakitumia, akakiingiza, na ramani ya bonde ikatokea kwenye simu, mto wote na mikono yake. Alifurahi, akaenda kula. Nyani haoni kundule. Yunis alimfungulia na maelezo ya kifurushi chenyewe, yale yanayokuja nacho, na hapo ikawa vibaya zaidi, kwa sababu waliokitengeneza hawakuficha kitu. Wameandika kwa maneno mepesi kwamba kifurushi kinawapelekea mahali alipo mtumiaji ili waboreshe ramani zao, na asiyetaka azime, ni neno moja tu. Fulgensi alikuwa amesoma aya ya kwanza. Alidhani watu wote wale maelfu wameshasoma yaliyobaki, na pengine kila mmoja wao alidhani hivyo hivyo.

Mtu aliyekagua maziwa ya mzee na kila herufi ya binti wa watu alikuwa ameubeba mstari ule mfukoni kwake kwa miezi, akiuona hauna mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Alitamani ardhi impokee, nami sitamwonea huruma, ila nitasema kwamba hakukimbia.

Mzee Seni alisimama.

"Nilikuja hapa kutafuta ubaya wenu," akasema. "Ungekuwa mwizi, Fulgensi, ningejua la kukufanya. Wewe si mwizi. Hukusoma tu. Sasa nikufanye nini?"

"Sijui, mzee," akasema Fulgensi. "Ni kweli sikusoma. Nilichukua tu." Kisha akamgeukia Yunis. Alikuwa amemzidi umri, alikuwa fundi, na upande wa dirishani walikaa watu waliomtegemea asiwaangushe mbele ya Wasukuma. "Dada Yunis, nimekusingizia mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimekusikia, kaka," akasema Yunis. Akamsogezea laptopu, akamwonyesha mahali pa lile neno moja, akamwachia alizime mwenyewe. Fulgensi akalizima.

Fimbo zilikuwa bado mikononi. Sylvanus, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua mdomo ila kusalimu, aliinuka akasema kwamba yeye ameelewa jambo moja. Fulgensi anasoma vibaya, kwa hiyo kazi ya kusoma aifanye huyu binti. Sawa. Lakini binti huyu ni mjukuu wa mzee Seni, na wakulima si watoto. Yeye atasomwa na nani?

Yunis alimwonyesha Fulgensi kwa kidevu.

"Na huyu," akasema. "Tangu nimekuja hajaniamini hata siku moja. Kila ninachoandika anakisoma mpaka macho yanamtoka, mchana hali kwa ajili yangu. Aendelee hivyo hivyo. Na mimi nitasoma vyake, pamoja na vyote anavyookota mtandaoni."

Joachim alianza kucheka, akafuata Sylvanus, na kicheko kikavuka katikati ya darasa mpaka mlangoni. Fulgensi alijaribu kucheka nao, akashindwa. Hakujua kama ni aibu au ni nafuu, akafuta uso kwa kiganja.

Mzee Seni peke yake hakucheka. Alizungumza na wenzake kwa Kisukuma kwa muda mrefu, akasikiliza wanaopinga, na walikuwepo. Kisha akairudisha fimbo yake ukutani, taratibu, na wengine wakamtazama, wakarudisha za kwao.

"Tutaitumia msimu huu," akasema. "Si kwa sababu nawaamini hawa wawili. Ni kwa sababu wao wenyewe hawaaminiani."

Watu walitoka kwenda kunyoosha miguu. Fulgensi akabaki ndani, akavuta kiti, akamuuliza Yunis katika programu ile kuna vifurushi vingine vingapi vya kuokota. Yunis akamwambia ni vingi, na kila kimoja kimeokota vingine. Fulgensi akakifungua cha kwanza, akaanza kusoma maelezo yake kwa sauti, kuanzia neno la kwanza, na kila alipotaka kuruka Yunis alimrudisha nyuma.